Mama Konde Afunga Goli kwa Nyasi

Umande haujakauka, na Mama Konde amepiga magoti golini. Anajazia mapengo ya nyasi, kipande kimoja kimoja, kama apandaye viazi. Kila kipande anakikandamiza kwa kidole gumba.

"Mama, niache nidake japo mipira mitatu," anaomba bintiye, kipa wa timu, glavu mkononi.

"Kadakie kwenu."

"Kwani kwetu si hapa?"

"Basi mwenye nyumba amekataa!"

Wachezaji wanaangua kicheko, lakini hakuna anayethubutu kukanyaga. Goli hilo lilibaki kipara tangu kiangazi. Leo mkaguzi wa ligi anakuja. Akilikataa, timu itachezea uwanja wa mbali msimu mzima, na wengi wao hawana nauli ya kufika huko.

Mama huyu, mwenye miaka hamsini na minane, alikuwa mkulima kabla ya kuajiriwa kutunza uwanja. Lugha ya shamba hakuiacha. Mistari ya chaki ni mipaka, mechi ni mavuno, na uwanja wenyewe ni konde. Ndipo vijana walipompa jina.

"Konde ni ardhi iliyokunywa jasho la mtu," anasema. "Uvune mahindi, uvune magoli, jasho ni lilelile."

Mwaka wake wa kwanza alimwaga samadi mbichi, haijaoza. Mbegu zilizojificha humo zikaota, na timu ngeni ikakuta maboga yanatambaa katikati ya uwanja.

"Kocha alininunia wiki nzima," anacheka. "Ila mboga alikula!"

Mkaguzi anafika, anasugua kisigino golini. Nyasi mbili tatu zinang'oka. Mama Konde anafumba macho.

"Hazijashika, mama."

"Hata mtoto hasimami siku ya kuzaliwa, baba. Nipe wiki mbili, asiguse mtu."

Mkaguzi anatazama uwanja uliobaki, kijani kitupu, kisha anakubali kwa kichwa polepole. Mechi ya kwanza wacheze ugenini. Kabla ya mechi ya pili atarudi kukagua.

Kipa anachuchumaa kando ya mama yake, naye anaanza kupanda.

"Zikishika, wewe ndiye wa kwanza kusimama hapa," mama anamwambia. "Halafu wakufunge kwenye nyasi zangu! Chakula utakula kwa kocha."