Mkono wa Kulia Niliouficha

Ndugu zangu, mnaonijua mnajua mimi si msemaji. Nimezoea kusimama mbele za watu nikiwa na mpira mkononi, narusha, basi. Leo mpira sina, nina haya tu ya kuwasimulia.

Mama alinileta Germantown, huku Marekani, kutoka Tanga nikiwa na miaka sita. Nikaangukia besiboli. Nilikuwa mrushaji, miaka mitano katika ligi ndogo, ile ya safari ndefu za basi na mikate baridi, ambako kila mtu anasubiri kuitwa ligi kuu. Na warushaji tuna mwiko wetu: mkono ukiuma, husemi. Ukisema, nafasi yako anapewa mwingine.

Julai moja mkono wa kulia ukawa mzito. Kesho yake ulivimba kutoka begani hadi vidoleni, ngozi ikageuka zambarau. Meneja wetu alikuwa amenidokeza kwamba wakubwa wanakuja kunitazama Jumamosi. Nikavaa shati la mikono mirefu kwenye joto lile, nikaomba ruhusa, nikaenda kwa mama.

Mama huwatunza wazee majumbani. Aliuona mkono nikiwa bado mlangoni.

"Twende hospitali," alisema.

"Mama, it's just tired. Daktari wa timu ameshauona. Nikande tu."

Uongo mtupu. Akachemsha maji, akatia chumvi, akachovya taulo, akakanda asubuhi na jioni, kama alivyokandwa na mama yake. Nilisikia raha, nasema kweli.

Siku ya tatu, tukinywa chai, kifua kilinichoma upande mmoja. Nikavuta pumzi, haikufika. Nikakohoa, nikaona damu kwenye leso. Mama akapiga simu ya dharura, huku amenishika shavu. "Pumua na mimi, baba. Moja. Moja tena." Niliogopa kufa, na niliogopa kufa mbele yake.

Hospitalini daktari alinieleza harakaharaka. Ubavu wa juu ulikuwa ukiubana mshipa wa mkono kila nikirusha. Damu ikaganda humo, na kipande kikakatika kikaingia kwenye pafu.

"Kuna mtu aliyeukanda mkono huu?" aliuliza.

"Hapana," nikasema. Pumzi sina, na bado nadanganya.

Mama alikuwa kando ya kitanda. "Ni mimi," alisema.

Daktari akamwambia huenda kipande kile kingekatika chenyewe, hakuna ajuaye. Mama hakulisikia hilo. Alikuwa anaitazama mikono yake.

Walinipa dawa za kuzuia damu kuganda, baadaye wakanipasua na kuutoa ule ubavu. Nikapona. Lakini kasi haikurudi, na siku niliyoelewa hivyo nililia mbele ya wauguzi. Meneja alikuja kuniona. Alisema, "Mkono umekwisha. Macho bado. Njoo unifundishie warushaji." Nilimchukia wiki nzima, kisha nikaenda.

Sasa mimi mwenyewe ni meneja wa timu ndogo karibu na Fairfax. Kabla ya mazoezi wachezaji wangu huvua mashati na kunyoosha mikono yote miwili mbele yangu. Wananicheka, wanasema nakagua ng'ombe mnadani. Mwaka jana mmoja alikuja na shati la mikono mirefu.

"Kocha, I'm good."

"Hata mimi nilikuwa good. Vua."

Mkono ulikuwa umevimba. Aliwahi hospitali, na bado anarusha.

Namshukuru Mungu, na wote walionihudumia. Mkono au mguu ukivimba ghafla, usikandwe, nenda upimwe. Na mwambie ukweli anayekupenda. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi nusura nimbebeshe mama kifo changu.

Maana tangu siku ile mama hakuugusa tena mkono huu. Hata kunisalimia alinishika wa kushoto, yeye aliyenichapa utotoni kwa kutoa wa kushoto. Mwezi uliopita bega liliniuma kwa kuwapigia wachezaji mipira. Nikaenda kupimwa kwanza. Kisha nikachemsha maji mwenyewe, nikampelekea taulo.

"Daktari amesema?"

"Amesema. Karatasi hii hapa."

Aliisoma yote. Akailaza mikono yangu miwili mezani, akailinganisha, vidole hadi mabega, bila haraka. Halafu akachovya taulo, akaukanda wa kulia.