Kibali cha Mfagiaji

Mara ya kwanza Yustina alipokwenda ofisini Lindi kuomba kibali cha kazi ya ukunga, aliambiwa alete barua ya mkuu wa kambi ya wakimbizi. Alipoileta, akaambiwa alete cheti cha ukunga. Cheti kilikuwa kimeungua pamoja na nyumba yake, ng'ambo ya Ruvuma, mwaka alioikimbia vita ya Wareno. Alieleza hivyo. Karani, bwana mpole aliyeitwa Abdurahmani, aliandika yote, kisha akasema, "Ndugu Yustina, tumepokea. Rudi mwezi ujao."

Kutoka Rutamba kambini hadi Lindi alidandia malori ya korosho, na yalipokosekana alitembea. Alirudi mwezi ule, na mwingine, hadi mwaka ukaisha. Hata hasira zilikwisha kumtoka.

Kibali kilipotoka, alikisoma mara mbili.

"Hapa pameandikwa mfagiaji."

"Bila cheti siwezi kuandika mkunga," alisema Abdurahmani. "Ukikikataa, tunaanza upya."

Akakifunga kwenye pindo la khanga.

Alipangiwa zahanati ya kijiji kimoja cha ujamaa, njia ya Mchinga. Mkunga wa pale alikuwa Helena, binti wa miaka ishirini na miwili, ametoka chuoni juzi tu. Yustina alideki, akachota maji, akachoma taka. Mwanamke alipolia kwa uchungu chumbani, yeye alipunguza mwendo wa fagio akasikiliza.

Wiki ya tatu akaletwa Mwanasha, mke wa mkulima mmoja, ana uchungu wa siku mbili. Asubuhi ile Helena alitoka chumbani akamwendea Yustina.

"Mtoto ametanguliza matako, na gari la kwenda hospitali hakuna. Mama, umewahi..."

Yustina alikuwa ameshaweka fagio chini, ananawa mikono hadi viwikoni.

Mtoto alitoka amelegea, kimya. Yustina alimsugua mgongo, akampuliza, akamsugua tena. Mwishowe mtoto akalia.

Helena alifungua daftari la uzazi, akasita.

"Nikiandika jina lako, wataniuliza nani alikuruhusu."

"Andika lako."

"Nisamehe, mama."

"Andika, mwanangu. Mimi nimechoka kuandikwa."

Kisha akaenda kufuta damu sakafuni, maana kazi yake ilikuwa hiyo.

Tangu hapo wajawazito wakifika, humwulizia yeye kwanza. Kibali kilihuishwa kila mwaka, neno ni lile lile, mpaka mwaka sabini na tano Wareno walipoondoka naye akarudi kwao. Alipofika alilala siku tatu mfululizo. Ndugu zake walidhani anaumwa.