Mumiani Aliyeita Kisamvu

Nilipokuwa mtoto wa Temeke, miaka ile tulipokuwa tukiitana ndugu hata na muuza mkaa, kitu nilichokiogopa kuliko fimbo ya maalimu kilikuwa mumiani. Simba sikuwahi kumwona, na chatu wa bonde la Mtoni alikuwa wa kusimuliwa tu. Lakini mumiani, kwa jinsi bibi alivyomweleza, angeweza kutokea kona yoyote mchana kweupe, akakubeba, damu yako ikaenda kutengenezewa dawa za wakubwa, na nyumbani wakabaki wanakutafuta kwa tarumbeta.

Bibi yangu mzaa baba, Bi Somoe, alitoka Lindi na mkeka, mchi wake wa kutwangia na elimu yote ya mambo hayo. Alitufundisha dalili za mumiani kama maalimu anavyofundisha alifu-be-te. Hana uso. Macho yake ni ya kioo. Anavaa koti refu hata jua likiwaka, na mikono yake haina kucha. Kisha akamalizia na lile la kutisha zaidi: "Atakuita kwa jina. Usiitike! Ukiitika tu, damu yako imeshakubali."

Bibi huyo huyo ndiye aliyekuwa akinifinya nikichelewa kuitika ninapoitwa na mkubwa. Mtoto wa kike akiitwa husema "Abee!" papo hapo, tena kwa sauti ya adabu, hata kama ana tonge mdomoni. Kwa hiyo nililelewa na amri mbili zilizogombana, na nilikuwa mtoto wa kutii. Watu husema utii ni sifa njema. Mimi nina maneno yangu juu ya hilo.

Baba alikuwa bwana afya. Alizunguka mitaa yetu kwa baiskeli, kaptula nyeupe na soksi ndefu, akikagua vyoo na madimbwi ya mbu, akiwagombeza watu walioacha makopo yajae maji. Kila mtu alimjua. Mimi nilikuwa kipenzi chake, na alikuwa na jina lake la kuniita ambalo hata mama hakulitumia. Jina langu ni Mwanahawa, lakini tangu siku niliyokutwa jikoni mwezi wa Ramadhani nimemaliza kisamvu cha futari, chungu kizima, baba aliniita Kisamvu. Aliniita hivyo ndani tu, polepole, ili wenzangu wasilisikie wakanicheka. Tulikuwa na makubaliano juu ya hilo.

Mwaka mmoja, masika yakielekea ukingoni, alipelekwa mafunzo ya kazi nje ya mji. Tulijua amekwenda kusoma, basi. Hakuna aliyetuambia kwamba huko walikuwa wanafundishwa kuendesha pikipiki, na kwamba wakifuzu kila mmoja angerudi nayo pamoja na vazi lake. Baba alijua, akanyamaza. Alikuwa mtu wa kupenda kushtukiza watu, na hilo la pikipiki alilihifadhi ili aje atushtukize kwelikweli.

Siku hiyo tulikuwa tumetoka chuoni baada ya alasiri, mimi, rafiki yangu Zuhura na wasichana wengine, juzuu zetu kifuani. Tulifika kwenye kona ya bomba la maji, pale mchanga ulipokuwa mwingi kiasi cha kuzamisha kifundo cha mguu. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo zao. Upande wa pili, kwenye kibanda cha makuti, wachonga vinyago walikuwa wanagonga mipingo yao kama kawaida.

Tukasikia mngurumo. Kisha kikatokea kitu. Kilikuwa na kichwa kikubwa cheusi, cha duara, kinang'aa. Palipotakiwa kuwa na macho palikuwa na vioo viwili, na chini ya vioo kilifungwa kitambaa. Koti la mpira, jeusi, lilikifika magotini, na mvua yenyewe haikuwapo. Kikatuelekea moja kwa moja. Halafu kikainua mkono kutupungia, nami nikauona mkono wenyewe. Haukuwa na kucha.

Nilipiga ukelele ambao mpaka leo naukumbuka. "Mumiani!" Zuhura akaudaka, na wenzetu, na wanawake bombani, na jina lile likazunguka mtaa mzima.

Baba, maana alikuwa ndiye yeye, aliona mtoto wake anageuka kukimbia na kujikwaa. Akafanya kosa ambalo kila anayejifunza pikipiki huonywa asilifanye: akakamata breki ya mbele, akaikamata yote, kwenye mchanga. Gurudumu likateleza pembeni, pikipiki ikalala, na yeye akalala chini yake, mguu umebanwa na ekzosi ya moto. Ilikuwa kuanguka kwa polepole, kwa aibu, kwa mtu ambaye pikipiki yake hata haikuwa na mwendo.

Watu wakamzunguka. Wachonga vinyago walikuja na nyundo zao za mti. Vijana waliokota mawe. Jiwe la kwanza likampiga kichwani, ngo!, likadunda, na hilo likawatia watu hasira zaidi, kwa sababu binadamu wa kawaida hapigwi jiwe kichwani akabaki vile vile.

Hapo ndipo aliponiita.

"Kisamvu!"

Sauti ilitokea ndani ya ile kofia ya pikipiki na kile kitambaa kama mtu anayesemea mtungini. Sikuitambua. Watu wakatazamana.

"Anasemaje?"

"Anataka kisamvu."

"Mumiani gani anayekula kisamvu?"

"We vipi? Si kinaongeza damu hicho!" alisema mama mmoja mwenye ndoo, na wote wakaona amesema kweli, maana hata zahanati walikuwa wanatuambia kisamvu kinaongeza damu. Nikiwasimulia watu sehemu hii hucheka mpaka wanashika mbavu. Nami hucheka nao, kwa muda kidogo.

"Kisamvu! Kisamvu, mwanangu!"

Mara hii niliijua sauti. Sitadanganya. Niliijua. Nilichotakiwa kufanya ni kusema neno moja, abee, na kila mtu pale angegeuka na kuniuliza, na mambo yangekwisha. Sikusema. Nimejieleza sababu yake maisha yangu yote. Sababu ya kwanza ni ya bibi: asiye na uso akikuita, usiitike, na mumiani atashindwaje kuiga sauti ya baba wa mtu? Niliiamini kabisa. Sababu ya pili ni kwamba Zuhura alikuwa amenishika mkono, na mtaa mzima ulikuwa pale, na mimi niliona haya kuwa mtoto wa kile kilicholala mchangani, kinachoitwa mumiani, tena kinachoniita kwa jina la jikoni. Siku nyingine nasema ilikuwa sababu ya kwanza. Nikilala vibaya najua ilikuwa ya pili.

Baba alikuwa anahangaika na mkanda wa kofia chini ya kidevu. Glovu zilikuwa nene, na mkanda wenyewe alikuwa hajauzoea. Kila akiinua kofia kidogo, jiwe linakuja, anairudisha. Akiivua atapasuliwa kichwa, asipoivua hana uso. Alikwama hapo mbele yangu.

Bibi ndiye aliyemwokoa, na hakuja kuokoa. Alisikia mumiani ameanguka bombani, akaja mbio na mchi wa kinu, akipasua watu, "Nipisheni, nipisheni mie nimmalize!" Alikuwa ameuinua juu ya kichwa aliposikia, "Kisamvu..." safari hii kama mtu anayechoka.

Mchi ulimtoka mkononi.

"Huyu wangu!" akapiga kelele. "Jamani, huyu wangu! Huyu nimemzaa mie!"

Akaivuta kanga yake ya mabegani, akamfunika nayo, kichwa na kifua, akakaa chini mchangani nywele zikiwa wazi mbele za wanaume. Hakuna aliyethubutu kurusha jiwe kwenye kanga ya mama. Taratibu akaingiza mikono chini ya kanga, akaufungua ule mkanda, akaitoa kofia. Ukatokea uso wa baba, umelowa jasho na machozi, mchanga umejaa kwenye masharubu.

"Ah! Bwana afya!"

Watu walicheka kwanza. Kijana aliyerusha jiwe la kwanza ndiye aliyekimbilia kuiinua pikipiki. "Tusamehe, bwana afya. Tusamehe sana. Tuliona vazi." Baba alisema si kitu, si kitu, akajaribu kutabasamu. Suruali ilikuwa imeungua na nyama ya shavu la mguu imebabuka. Kisha akanitazama.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba," akajibu, kama anavyojibiwa mtoto wa jirani.

Alirudi nyumbani akiisukuma ile pikipiki, anachechemea, watoto wanamfuata nyuma. Hakuna aliyenigombeza. Mama alimpaka shubiri kwenye kidonda, na bibi alikaa mlangoni amenuna. Usidhani aliacha kuamini. "Mie sikukosea," alisema. "Mumiani yupo. Huyu mwanangu ndiye aliyevaa vibaya." Nilingoja bibi aniambie kitu, hata kunifinya tu. Hakunifinya.

Mguu ulipopona, baba akaenda kazini kichwa wazi. Kofia ikatundikwa kwenye msumari ukumbini, ina mikwaruzo ya mawe, na lile koti mama akalifunikia kuni. Kule shuleni nilikuwa nimeshaitwa mtoto wa mumiani, kwa hiyo baba alipoacha kuvaa vile vitu mimi nilishukuru Mungu. Naliandika hivi hivi lilivyo. Nilishukuru. Mkubwa wake wa kazi alimwonya, baba akasema atavaa, lakini hakuvaa.

Mvua za vuli zikaja. Karibu na daraja la Mtoni mbuzi alikatiza barabara, baba akaanguka mara ya pili, na mara hii kichwa kikapiga ukingo wa lami. Alilala hospitali muda mrefu. Alipotoka, jicho la kushoto lilikuwa halioni tena, na alikuwa akitafuta maneno kama mtu anayetafuta funguo. Daktari alimwambia mama, mbele yangu, kwamba kofia ingemkinga. Pikipiki ikarudishwa, baba akapewa kazi ya kupokea watu mlangoni ofisini kwao, na hakutembea tena mitaani kugombana na makopo ya watu. Aliyependa kushtukiza watu akawa anashtuka yeye, mlango ukibamizwa tu.

Siku hizi naishi Chamazi. Nikitoka getini nakutana na vijana wa bodaboda, helmeti zimening'inia kiwikoni kama vikapu vya sokoni, nami huwapigia kelele mpaka majirani wanatoka. "Bimkubwa, si tunaendesha polepole!" wananijibu. Nawaambia polepole ndiyo iliyomwangusha baba yangu. Wananiona mzee mkorofi, na sikatai.

Baba aliishia kwangu hapa. Jioni moja, tumekaa barazani, pikipiki ilipita nikamwona ameigeukia kwa jicho lake zima. Nilikuwa sijawahi kumuuliza. Watoto wangu wenyewe walikuwa wameshaoa, na mimi nilikuwa bado sijamuuliza.

"Baba," nikasema, "ile kofia uliiacha kwa sababu ya maneno ya watu?"

"Watu gani?" Alikaa kidogo akitafuta maneno. "Watu wangezoea, mama. Wangezoea tu."

"Sasa kwa nini?"

"Mama yako aliniambia. Ukisikia pikipiki inakuja, unaingia uvunguni. Hata mie nikiwa kitandani na mguu wangu, pikipiki ya mtu ikipita, wewe uvunguni." Akacheka kidogo. "Nikasema mtoto ananiogopa. Basi nikirudi kazini, anione uso tangu kule konani. Atoke mbio kuja, asitoke mbio kwenda."

Nilikuwa nimejua siku zote kwamba aliona aibu kwa ajili ya watu, na ndani ya kujua huko nilikuwa nimejificha vizuri. Nikajaribu kukumbuka jioni zile kati ya masika na vuli. Uvunguni niliacha kuingia, ndiyo. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango, nachungulia kama Zuhura yuko nje, na akiwapo nakaa kimya mpaka baba aingie mwenyewe ndani, ndipo ninamwamkia.

"Nilitoka, baba?" nikamuuliza. "Nilitoka hata siku moja?"

"Aa! Kila siku," akasema. "Ulikuwaga unatoka mbio mpaka kandambili zinakuvuka."

Katika miaka ile yote ya Temeke sikuwahi kuwa na kandambili. Baba hakuwa mtu wa kusema uongo, na sidhani kama hapo alikuwa amepotewa na kumbukumbu kama alivyopotewa na maneno; nadhani alinitungia mimi. Nilimtazama, naye alikuwa anatazama barabara, ametulia kabisa. Niliona haya kuliko nilivyoona siku ile bombani, nikasema, "Ndiyo, baba, nakumbuka," nikaingia ndani kumchemshia chai.