Jiko la Mama Mghoi

Ninyi wenzangu mliokulia Voi enzi zetu, miaka ile ya hamsini, hamhitaji kuambiwa kwamba mtaa ulikuwa ukiamshwa na moshi kabla ya jua. Nyuma ya stesheni kila nyumba ilikuwa na mafiga yake nje, na asubuhi ukitoka na mswaki wa mti mdomoni uliujua moshi wa kila mama. Tulicheza mdako na kuruka kamba kwenye vumbi jekundu mpaka magoti yakawa na rangi ya matofali. Wajukuu zetu simu ikizima tu wanaumwa kichwa.

Moshi mzito kuliko yote ulikuwa wa Mama Mghoi. Alikuwa mjane kutoka Chawia, naye alipika kimanga, yaani mihogo na maharagwe aliyoyaponda kwa mwiko mpaka yakashikana, akawauzia vibarua wa reli saa sita mchana. Binti yake Mghoi alikuwa rafiki yangu, tukikaa dawati moja. Sufuria ile ndiyo iliyomweka shuleni, naye alijua. Mama yake alikuwa amekwisha kumwambia kwamba biashara ikianguka watarudi Chawia, na masomo yataishia hapo.

Ndipo ikaja homa kubwa, mnaikumbuka? Wengine walisema imeshuka na gari moshi, wengine wakasema ni upepo. Watu walilala nyumba hadi nyumba, wakikohoa na kuumwa mifupa kama waliopigwa rungu. Mwarobaini ulichemshwa hata harufu ya chai tukaisahau.

Asubuhi moja mama yangu alisimama mlangoni, kanga mabegani, akatazama upande wa pili wa njia.

"Jiko la mwenzangu limelala," akasema.

Akavuka. Alimkuta Mama Mghoi hajiwezi, anatetemeka chini ya blanketi, na Mghoi kando yake analia kimya kimya. Mama hakuuliza maswali mengi. Alitoka mle na sufuria kubwa kichwani, maana alikuwa na usemi wake: "Wali ukipoa unapashwa, mteja akipoa hapashwi."

Kufikia jioni kina mama watatu walikuwa wamegawana zamu: mama yangu, Mama Mutua wa Ukambani, na Bi Zuhura, Mswahili wa Mombasa aliyeolewa na karani wa stesheni. Aliyekuwa mzima alipika, akiugua, mwenzake alishika mwiko, na mapato yote yalipelekwa kwa mgonjwa. Sisi watoto tulipeleka uji kwenye landi, zile nyumba za safu walimolala vibarua wagonjwa.

Shida ni kwamba kati yao kupika kimanga alikujua mama yangu peke yake. Mama Mutua alitia mahindi, meno yetu yakafanya kazi ya kinu. Na Bi Zuhura, jamani, alitia tui la nazi na iliki! Siku hiyo vibarua walikaa kwenye mabenchi wakatazamana. Mnyapara wao, Mzee Mwadime wa Mbololo, alionja, akafumba macho.

"Kimanga hiki kimeenda Mombasa kikarudi," akasema.

"Na kimerudi kimenona, mzee wangu," Bi Zuhura akamjibu. "Mie chakula bila tui sikijui. Kula."

Wakacheka, wakala. Ng'ambo ya reli kulikuwa na hoteli nyingine yenye mchuzi wa nyama, na pua zetu zote zilikuwa na habari zake. Lakini Mzee Mwadime aliwaambia watu wake, "Hakuna kuvuka reli mpaka yule mama ainuke." Hawakuvuka. Walikula kila kilichopikwa, hata siku kilipoungua.

Mimi naamini ni nazi iliyomponya Mama Mghoi. Alipopata habari zake alitoka nje amejifunga blanketi, akaenda moja kwa moja kwenye sufuria.

"Mmenifanyia nini kimanga changu?"

Kisha akageuka, akaona mabenchi yamejaa, watu wake wote wapo na sahani zao. Akajifunika uso kwa blanketi, akalia. Mghoi akamshika mkono. Mama yangu, ambaye hakupenda machozi, akampa mwiko.

Mghoi alimaliza shule, akawa nesi. Mpaka leo akinipigia simu huniuliza kama nimekula kabla hata ya kunijulia hali, na mimi nampenda kwa hilo.

Ulipokuja ugonjwa wa juzi, huu wa barakoa, nje ya geti letu kulikuwa na dada aliyeuza chapati. Tulipokuja kujua kwamba aliugua, alikuwa amekwisha kurudi kwao, na kibanda chake kinauza vocha za simu. Vijana wetu walimtumia vimoyo vyekundu kwenye simu, vingi sana. Nilipowasimulia habari za Mama Mghoi, mjukuu wangu akaniuliza, "Nyanya, kwani nani alikuwa kiongozi wa hiyo grupu yenu?"

Hakukuwa na grupu. Mama alisimama mlangoni asubuhi, akaona upande wa pili hakuna moshi. Sasa sote tunapikia ndani, kwa gesi, nyuma ya kuta. Bado nikiamka husimama mlangoni kwa mazoea, nikautazama ukuta wa jirani. Ni ukuta mzuri, umepakwa rangi, na sijui kama mwenyewe ameamka.