Mashine Badala ya Maree

Jirani yangu hapa Ballarat, Australia, mikono yake hutetemeka hata ikiwa imelala mapajani. Aliomba mwenyewe kwamba fungu la fedha za serikali lililokuwa likimlipa Maree, msaidizi aliyekuja kumpikia kila asubuhi, linunue mashine ya kukata na kupika. Serikali ikakubali, ila kwa mwaka mzima harudishiwi msaidizi.

"Najitegemea, bwana! Maree alikuwa ananiunguzia uji," hunitambia uani.

Siku hizi kila asubuhi nasimama kwenye uzio nikisikiliza mashine ikinguruma, chai yangu ikipoa mkononi. Leo ilinguruma, ikanyamaza, kisha bakuli likapasuka sakafuni. Mwenyewe akaita kutoka jikoni:

"Jirani, upo?"

"Nipo! Nije?"

"Wee, usije! Nilitaka kujua tu kama upo."