Mreno na Dada Wawili Wasiofanana Majina

Yule Mreno aliyewahudumia wakimbizi hapa Kigoma amefariki kwao Ureno. Wengi wenu hamkumjua. Ujanani aliukimbia udikteta wa nchi yake. Ulipoanguka akarudi, akawa mbunge, kisha waziri, na uzeeni, wenzake wakila pensheni, yeye akaja kula ugali na dagaa pamoja nasi. Dagaa aliwapenda mno, na vichwa vyao. Mimi nilikuwa karani wake, na namshukuru kwa jambo ambalo hadi leo naona haya kulisimulia.

Miaka ile Warundi walikuwa wakishushwa kwa boti kutoka Kagunga, kule mpakani, nasi tukiwaandikisha kabla malori hayajawapeleka kambini, kila familia kambi yake. Agizo la ofisi lilikuwa kwamba ndugu ni wenye jina moja la ukoo. Basi wakaja dada wawili, mkubwa haoni vizuri, mdogo ndiye aliyemshika mkono. Majina yao hayakufanana hata kidogo, nami nikawaandikia malori mawili, kambi mbili. Na mimi ni Muha wa Mwandiga jamani! Najua fika kwamba kwetu, kama kwa Warundi, kila mtoto hupewa jina lake. Mimi na kaka zangu hatushiriki hata moja. Nilijua, nikanyamaza, nikiogopa kazi isiniponyoke.

Mdogo akagoma. Akaketi mbele ya tairi la lori lililombeba dada yake, na dereva keshawasha injini. Mreno akaja kuniuliza kulikoni, nikamweleza yote. Nilijua nimefukuzwa. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuokoteza.

"Mimi nina majina matano. Nilipokimbia, nilivuka mpaka na moja tu, tena la uongo. Karatasi haijui kitu. Wewe unajua. Ukijua, sema."

Akamshusha yule mkubwa kwa mikono yake, kisha akatuma gari kulifuata lori jingine lililokuwa limeshatangulia na watu hadi Mwandiga, tukaanza upya kuwaandikisha wote. Wakubwa wengi niliowatumikia baadaye walipenda karani asiyejua kitu. Yeye alinitaka na akili zangu, na huo ndio uongozi ninaoufahamu mimi.

Jana nilimpigia simu yule mdogo, siku hizi yuko Ilagala, nikampa habari za msiba. Dada yake mkubwa, aliyekwisha kufa, alikaa naye hadi mwisho. Mdogo alilia, kisha akaniuliza jina la yule Mreno amwombee kanisani. Nikaona aibu, maana katika yale matano nalikumbuka moja tu.

"Linatosha, karani," akasema. "Sisi hatukuwa na hata moja la pamoja, na alijua ni ndugu."