Mausi Yangu Yenye Pepo

Nicheke tu, ndugu msomaji, maana hata mimi nacheka, tena kwa kushusha pumzi.

Nilinunua mausi ya kompyuta isiyo na waya pale Kabanga, na mwalimu mwenzangu Yustina akachukua ya aina hiyo hiyo. Tulizifungulia kwenye meza moja, tukagawana harakaharaka vile vidude vya kuchomeka kwenye kompyuta, kila mtu akaenda ofisini kwake.

Nikaanza kuchapa mtihani wa asubuhi. Nikisogeza mausi, mshale umetulia kama ng'ombe anayecheua. Nikiiacha, mshale unatembea wenyewe na kufuta maswali yangu! Nikajua nimerogwa. Nani mwingine kama si jirani yangu, ambaye mbuzi wangu walikula maharage yake?

Nikatoa rozari, nikafumba macho, nikaisukuma mausi mezani kwa ishara ya msalaba, polepole, kwa imani yote.

Kutoka chumba cha pili Yustina akapiga kelele: “Yesu na Maria! Mshale wangu unapiga ishara ya msalaba!”

Nikafumbua macho, nikakitazama kidude nilichochomeka. Kumbe kilikuwa chake, na changu alikuwa nacho yeye. Masikini jirani yangu! Pepo wa Yustina nilikuwa mimi.